"Utazoea" Si Dawa ya Macho

Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ni ya kweli kwa watu wengi. Lakini wamo miongoni mwetu wanafunzi wenye macho mawili ambao kila siku huambiwa "tazama ubaoni", nao hutazama wasione kitu ila ukungu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya miwani, maana nimejifunza kwamba kupimwa macho ni jambo moja, na kupata miwani inayofaa ni jambo jingine kabisa.

Kwanza yafaa tuuelewe ugonjwa wenyewe. Jicho la mtu asiyeona mbali kwa kawaida limerefuka kidogo kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa sababu hiyo mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina, yaani ule utando wa nyuma unaopokea picha. Kitabu kilicho mkononi mwake hukisoma bila taabu, lakini maandishi ya ubaoni humchanganyikia. Kioo kilichobonyea katikati, tena cha kipimo chake, huusogeza mwanga mpaka mahali panapostahili. Ndiyo kusema dawa ipo, na imejulikana kwa karne nyingi. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 upungufu huo ungeweza kuzuiwa au bado haujashughulikiwa. Wengi wao wanahitaji miwani tu.

Sasa nieleze yaliyonipata. Mwezi wa Desemba, nilipomaliza kidato cha tatu, mama aliuza magunia mawili ya mahindi ili nikapimwe macho. Nilipanda treni hapa Mpanda kwenda Tabora, kisha basi, mpaka mji anakokaa mjomba wangu. Huko ipo ofisi moja ya miwani ambayo sitaitaja jina. Nilipimwa kwa dakika chache, mjomba akalipa nusu ya fedha, tukaambiwa vioo vitaagizwa Dar es Salaam na miwani itakuwa tayari baada ya siku 14. Mjomba aliomba tupewe karatasi ya vipimo. Akajibiwa kwamba karatasi hubaki ofisini.

Siku 14 zilipita. Mjomba alipokwenda aliambiwa bado. Alipokwenda mara ya pili, aliambiwa mzigo umechelewa. Shule ikafunguliwa mwezi wa Januari, nikarudi bwenini bila miwani. Muhula ule niliusoma kwa daftari la jirani yangu. Yeye alinakili ubaoni, nami nikanakili kwake, na alipokosea yeye nilikosea nami. Katika somo la Hisabati hesabu ilikuwa imekwisha kufutwa kabla sijaupata mstari wa tatu.

Miwani niliichukua likizo fupi ya mwezi wa Aprili. Nilipoivaa tu niliona sakafu imeinama, na herufi za ubao wa kupimia zikawa na vivuli. Nilimweleza bwana aliyekuwa mezani. Akacheka kwa upole akasema, "Utazoea, mwanangu. Miwani ni kama viatu vipya." Nilizoea kuumwa kichwa. Baada ya majuma matatu mjomba aliwapigia simu, akajibiwa neno lilelile: atazoea.

Mwezi wa Juni muuguzi wa macho katika hospitali nyingine aliiweka miwani yangu kwenye mashine yake. Kioo cha jicho la kulia kilikuwa kimewekwa kushoto, na cha kushoto kulia! Kazi ya kuligundua kosa hilo haikumaliza dakika tano. Tuliporudi kule ofisini, kwanza tulitakiwa kulipa tena. Mjomba alikataa kwa adabu lakini kwa msimamo, na mwishowe vioo vingine vikaagizwa. Miwani ya kufaa ilinifikia mwezi wa Julai, miezi saba tangu siku ya kupimwa.

Ndugu wasomaji, sikuyaandika haya ili kulipiza kisasi. Yapo maneno ya haki ambayo ofisi kama ile yaweza kujitetea nayo. Wataalamu ni wachache, na mikoa ya pembezoni kama Katavi iko mbali na Dar es Salaam vinakotoka vioo, na mbali na Moshi, ambako chuo cha KCMC hufundisha wapimaji wa macho. Barabara ni ndefu na mizigo huchelewa. Tena ni kweli kwamba miwani mipya huhitaji siku kadhaa za kuzoeleka. Hayo yote nayakubali.

Lakini kuichunguza miwani iliyokwisha kutengenezwa hakuhitaji safari ya Dar es Salaam. Kunahitaji mtu aketi, alinganishe vioo na karatasi, kisha amwambie mnunuzi asome herufi akiwa ameivaa. Fundi cherehani hampi mtu suruali bila kumwambia aijaribu. Itakuwaje macho yathaminiwe chini ya suruali? Umbali waweza kuwa sababu ya kuchelewa. Hauwezi kuwa sababu ya kutosikiliza. Mtu anaponena kwamba haoni, jibu la kwanza liwe kupima tena, si kumwambia atazoea.

Shauri la karatasi nalo si dogo. Vipimo vile ni vya macho yangu, navyo vililipiwa kwa mahindi ya mama. Mgonjwa akiwa nayo karatasi yake, aweza kwenda penginepo akicheleweshwa, na mtu mwingine aweza kuikagua kazi. Akinyimwa, amefungwa kamba. Nchi yetu inayo Sheria ya Optometria ya mwaka 2007, na liko Baraza la Optometria la kuwasimamia wafanyao kazi hiyo. Ingefaa kila ofisi ibandike ukutani, kwa Kiswahili kinachosomeka, haki za mnunuzi na mahali pa kupeleka malalamiko. Wazazi wetu wengi hawajui kama mahali hapo papo.

Hata karatasi peke yake haitoshi. Yako majaribio yaliyofanywa katika shule za sekondari za Dar es Salaam, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Wanafunzi wenye macho dhaifu waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walipewa miwani bure, na fungu la pili walipewa karatasi ya vipimo tu. Baada ya miezi mitatu, katika fungu la kwanza wanafunzi 47 katika kila mia walikuwa wakiivaa miwani au walikuwa nayo shuleni. Katika fungu la pili walikuwa 26 tu. Kama hali ilikuwa hivyo Dar es Salaam, penye maduka mengi ya miwani, sisi wa huku tutegemee nini?

Tena tuangalie upande wa pili wa hesabu hiyo. Hata waliopewa bure, zaidi ya nusu hawakuwa nayo miwani shuleni. Sababu moja tunaijua sote, nayo ni dhihaka. Hapa bwenini mwenye miwani huitwa "macho manne", au huitwa "babu". Basi wengine huificha sandukuni. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mficha miwani huumbuliwa na mtihani.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. La kwanza, shule yetu inunue chati ya herufi, ile iliyobuniwa na daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862. Hutundikwa ukutani, na mwanafunzi husimama umbali wa mita 6 akasoma kwa jicho moja moja. Mwalimu yeyote aliyeelekezwa aweza kuitumia, na juma la kwanza la mwaka latosha kwa kidato cha kwanza chote. La pili, waganga wa macho wanapofanya ziara mkoani, wafike na mashuleni, tena waje na miwani ya vipimo vya kawaida, si karatasi peke yake. La tatu ni letu wanafunzi, nalo halina gharama: tuache kuwacheka wenzetu.

Mwezi wa Novemba sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani wa taifa, na muhula uliopotea haurudi. Wapo wadogo zetu wa kidato cha kwanza na cha pili ambao huketi dawati la mbele na bado hukunja macho. Wasiitwe wazembe kabla hawajapimwa. Nao wenyewe wasingoje kuulizwa, bali wamwendee mwalimu wa darasa juma hili, wamwambie wazi kwamba hawaoni. Na watakapopewa miwani, wasitoke mlangoni kabla hawajaijaribu kwa kusoma herufi.