Karo, kitanda na saa za mtoto: hesabu ya mzazi wa Longisa

Leo naweka kando mambo ya seva na misimbo, tuzungumze pesa. Pesa za karo.

Kila Januari swali ni lile lile. Mzazi anauza ng'ombe, au anakodisha shamba lake la chai kwa miaka kadhaa, ili mtoto aende shule ya bweni. Jirani anamtazama na kusema: "Mtoto wa fulani ana digrii na yuko nyumbani tu. Kusoma kuna faida gani?" Mzazi anaamini elimu haina hasara hata ifanyweje. Jirani anaamini ni pesa za kumwaga mtoni. Maoni yangu ni kwamba wote wawili wanabishana bila kupiga hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Kwa wasiopajua, Longisa iko kaunti ya Bomet, kwenye barabara inayotoka mjini Bomet kwenda Mulot na Narok. Ni ukingoni mwa nchi ya chai. Ukipanda kuelekea Bomet na Konoin unaona majani chai kila upande. Ukishuka kuelekea Narok ni mahindi na ng'ombe. Kwa hiyo karo ya hapa hutoka kwenye maziwa, mahindi, au bonasi ya chai.

Tuanze na chombo cha kazi. Kwenye Linux kuna programu kongwe iitwayo diff, ya tangu miaka ya 1970. Unaipa mafaili mawili, inakuonyesha mistari inayotofautiana tu. Mistari inayofanana inaiacha. Sisi waandishi wa programu tunaipenda kwa sababu inakuzuia kubishana juu ya faili zima wakati kilichobadilika ni mistari mitatu. Hesabu ya elimu nayo ifanywe hivyo hivyo: weka njia mbili za mtoto huyo huyo, moja huku na moja kule, kisha utazame tofauti.

Tofauti ya kwanza: kitanda

Tangu 2008 serikali ya Kenya hulipia masomo ya sekondari ya kutwa. Ilianza na Sh10,265 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kufikia 2018 kiwango kilipandishwa hadi Sh22,244. Mzazi wa shule ya bweni naye amewekewa kikomo na wizara: Sh53,554 kwa mwaka kwa shule za ngazi ya juu, Sh40,535 kwa nyingi za zile nyingine.

Sasa linganisha. Masomo yamelipiwa na serikali kwa mtoto wa bweni na kwa mtoto wa kutwa. Mwalimu wa TSC analipwa na serikali huku na kule. Sehemu kubwa kabisa ya zile Sh40,535 ni chakula na malazi. Yaani tunachokiita karo, kwa kiasi kikubwa, ni kodi ya kitanda na bei ya githeri.

Tuseme mkulima anabaki na Sh20 kwa kila kilo ya majani mabichi baada ya kumlipa mchumaji na kutoa gharama ya mbolea (weka namba yako ukitaka). Kitanda hicho ni zaidi ya kilo 2,000 za majani kila mwaka. Kwa miaka mitatu ya shule ya upili ya mtaala mpya ni Sh121,605. Na hapo hujanunua godoro, sanduku wala nauli.

Tena kalenda nayo haisaidii. Bonasi huja karibu na Oktoba, lakini kwa utaratibu wa kulipa nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili na 20 wa tatu, mzigo mzito unaangukia Januari. Kufikia Januari bonasi imekwisha kulipa madeni ya dukani.

Sisemi bweni halina maana. Nasema tuulize swali sahihi: je, bweni linampa mtoto kitu cha ziada chenye thamani ya Sh121,605 juu ya kile ambacho angepata shule ya kutwa iliyo karibu? Kwa familia nyingine jibu ni ndiyo. Msichana ambaye nyumbani anakabiliwa na ukeketaji au ndoa ya mapema, kile kitanda ni ukuta wake. Mtoto anayetembea kilomita nyingi alfajiri na kurudi gizani, vivyo hivyo. Lakini kama sababu ni jina la shule kwenye sweta, basi mzazi ajue analipia sweta.

Tofauti ya pili: saa

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye barua ya shule. Ni wakati wa mtoto mwenyewe. Akiwa darasani hachumi chai, hachungi, hafanyi kazi dukani.

Tuseme kijana angeweza kupata Sh10,000 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu hizo ni Sh360,000. Zilinganishe na Sh121,605 za kitanda. Gharama kubwa zaidi ya elimu haipiti kwenye M-Pesa wala benki, ndiyo maana hatuioni. Na kwa kuwa hatuioni, tunaichezea. Mwanafunzi anarudishwa nyumbani wiki nzima kwa salio la Sh3,000 na hakuna anayehesabu wiki hiyo kuwa hasara. Mwalimu hayupo, darasa linapiga kelele hadi kengele, na hilo pia halihesabiwi.

Tofauti ya tatu: mapato

Upande wa faida sasa. Mwaka 2018 George Psacharopoulos na Harry Patrinos walikusanya tafiti za nchi nyingi duniani. Wastani wao: kila mwaka mmoja zaidi wa shule huendana na mapato yaliyo juu kwa takriban asilimia 9. Ukianza na Sh10,000 kwa mwezi, miaka mitatu inakufikisha karibu Sh12,950. Tofauti ni Sh2,950 kwa mwezi, au Sh35,400 kwa mwaka.

Mzazi wa bweni, ukihesabu kitanda peke yake, pesa inarudi baada ya miaka mitatu na nusu hivi. Ukijumlisha na zile Sh360,000 za wakati, jumla ni Sh481,605 na inachukua zaidi ya miaka 13. Elimu inalipa, lakini inalipa polepole, kama mche wa chai unaopandwa leo na kungojewa miaka kabla ya kuchumwa.

Angalieni vizuri hiyo asilimia 9. Kwanza, ni wastani. Familia haisomeshi wastani. Inasomesha Chebet au Kiprono mmoja, na anaweza kuwa chini ya wastani. Pili, hutoka zaidi kwa watu wenye mapato ya kupimika, si kwa aliyekaa nyumbani akisubiri barua ya kazi. Tatu, sehemu yake si maarifa. Mwanauchumi Michael Spence aliandika mwaka 1973 kuwa cheti kinaweza kuwa ishara tu, kinachomwambia mwajiri kuwa huyu ni mvumilivu na ana akili, hata kama darasani hakuongeza kitu. Tatizo la ishara ni kwamba kila mtu akiwa nayo haisemi kitu tena. Ndiyo habari ya digrii nyingi tunazoziona.

Hivyo jirani yetu ana haki ya kulalamika? Nusu tu. Anamlinganisha mwenye digrii na mshahara aliotarajiwa kuupata. Hiyo si diff. Inabidi amlinganishe na ndugu yake ambaye hakusoma, na huyo ndugu hali yake inabadilika pia.

Mei 2023 kulikuwa na vurugu Kericho, mashine za kuchuma chai zikachomwa moto. Jopokazi la kaunti lilikuwa limekadiria kuwa takriban kazi 30,000 zilipotea huko katika miaka kumi kwa sababu ya mashine. Kwa miongo mingi mashamba makubwa ya chai yalikuwa kimbilio la kijana asiye na cheti: ukikosa vyote, utachuma chai. Kimbilio hilo linafungwa. Maana yake kihesabu ni kwamba zile Sh10,000 nilizoandika juu huenda kijana asizipate kabisa. Faida ya shule inaweza kupanda hata kama mshahara wa waliosoma haujapanda shilingi moja, kwa sababu njia ya pili imeporomoka. Inasikitisha, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Nani alipe?

Muuguzi wa Hospitali ya Longisa alisomeshwa kwa ng'ombe za baba yake, lakini anayetibiwa ni mimi na wewe. Mzazi analipa peke yake, faida inagawanywa kijiji kizima. Kitu cha namna hiyo, familia zikiachiwa zenyewe, kitanunuliwa pungufu. Tuna ushahidi wetu wenyewe: Januari 2003 karo ya shule za msingi ilipofutwa, wanafunzi waliruka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Wale zaidi ya milioni moja hawakuwa wamekosa hamu ya kusoma. Walikuwa wamekosa karo.

Sasa tazama tulipofika. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia kamati ya Bunge kwamba badala ya Sh22,244, kilichokuwa kikifika shuleni ni kama Sh16,900. Serikali ikatoka baadaye kusema elimu bila malipo inaendelea. Toa hesabu: pengo ni Sh5,344 kwa mwanafunzi. Shule ya kutwa ya wanafunzi 400 inapungukiwa na Sh2,137,600 kwa mwaka. Mwalimu mkuu atafanya nini? Atatoza ada za pembeni, na asiyelipa atarudishwa nyumbani. Yaani serikali inaokoa Sh5,344 kwa kuharibu kile kitu cha bei ghali kuliko vyote, saa za mtoto. Ni kama kuzima seva ili kuokoa umeme wa feni.

Na sisi watu wa kompyuta?

Tusijitoe. Sisi ndio tuliosema kompyuta itamaliza kila kitu. Mnakumbuka mradi wa One Laptop per Child, ile laptopu ya dola 100? Peru walinunua kwa wingi. Mwaka 2012 ulitolewa utafiti uliolinganisha shule 319 za vijijini, zilizopewa na zisizopewa: alama za hesabu na lugha hazikupanda. Kenya nayo iliahidi laptopu mwaka 2013, na kuanzia 2016 zaidi ya vifaa milioni moja, wengi wetu tukiviita tableti, vikapelekwa shule za msingi.

Weka kando ya hizo dawa ya minyoo. Kule Busia, kuanzia 1998, Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75. Watoto walipopewa vidonge, vya chini ya dola moja kwa mtoto kwa mwaka, utoro ulipungua kwa robo. Wachambuzi wengine waliupitia upya utafiti huo mwaka 2015 na kukabishaniwa sana juu ya ukubwa wa matokeo. Lakini ripoti ya 2021, miaka 20 baada ya vidonge, ilikuta waliotibiwa wakipata takriban asilimia 13 zaidi kwa kila saa ya kazi. Kidonge hakifundishi hata herufi moja. Kinachofanya ni kumrudishia mtoto saa zake.

Hapo ndipo hesabu zote hizi zinakutana. Pesa inayoongeza saa za kusoma kwa kweli inalipa. Pesa inayonunua sura ya elimu, iwe sweta, geti kubwa au tableti iliyofungiwa kabatini, hailipi.

Basi tufanye nini

Mzazi: fungua lahajedwali, LibreOffice inatosha na ni ya bure, au chukua daftari. Chora safu mbili, bweni na kutwa. Andika kila shilingi, pamoja na chakula cha mchana na taa ya kusomea. Chini kabisa andika saa: mtoto atapata saa ngapi za kusoma kwa wiki, huku na kule? Usiuze shamba kabla ya kujaza safu hizo mbili. Kama kutwa inashinda, tofauti ya pesa iweke kwenye taa, vitabu, na kupunguza kazi za jioni kwa mtoto.

Viongozi wa Bomet na Nairobi: badala ya kugawa basari za elfu tatu tatu mbele ya kamera, pelekeni pesa kamili, mapema, kwa shule za kutwa. Chakula cha mchana, maabara, na mwalimu aliyepo darasani. Mtoto yeyote asitolewe darasani kwa deni ambalo si lake.

Na wewe jirani unayeuliza kusoma kuna faida gani: swali ni zuri, lakini limalizie. Faida gani, ukilinganisha na nini?