Kengele ilie ofisini kwanza

Lori la magogo likitoka Bafwasende kuja Kisangani kwa Barabara ya Taifa namba 4, njiani hukutana na akina mama wenye mizigo ya mihogo, watoto wa shule, pikipiki za abiria, na malori yatokayo Butembo ambayo mengi usukani wake uko kulia, ilhali Kongo tunapita upande wa kulia. Dereva wa gari la namna hiyo akitaka kumpita aliye mbele, hana budi kulitoa lori karibu lote ndipo aone kinachokuja. Hapo bado vumbi la kiangazi.

Kwa hiyo kampuni za mbao na mawese zikishauriwa kufunga GPS, vidhibiti mwendo na kamera za kumwamsha dereva anayesinzia, nasema zifunge, tena upesi. Kukosa mtandao msituni si hoja: kifaa huhifadhi taarifa na kuzituma lori likifika penye mnara. Suala ni nani atazisoma.

Kenya ililazimisha matatu, yaani basi ndogo za abiria, kufunga vidhibiti mwendo mwaka 2004, enzi za waziri John Michuki, mwisho kilomita 80 kwa saa. Nidhamu ilionekana, kisha vifaa vikaanza kuchezewa. Hesabu ambayo dereva alipaswa kumpelekea tajiri wa gari kila siku ilikuwa palepale. Dereva wetu naye akilipwa kwa idadi ya safari, kengele italia naye ataongeza mwendo. Taarifa zimfikie kwanza aliyepanga ratiba: akidai mzigo ufike kwa saa ambazo barabara iliyolowa hairuhusu, kosa limetendeka ofisini kabla injini haijawashwa.

Tuna pia bariere za mvua. Ni mti tu uliolazwa njiani kuzuia malori mazito mpaka barabara ikauke, lakini mwenye noti hufunguliwa usiku, na asubuhi pikipiki zinaangukia kwenye mashimo aliyochimba. GPS inaonyesha saa aliyopita. Kampuni iliyo makini haihitaji polisi kumkamata. Inazo taarifa mezani.

Vilevile mahali ambapo breki hukanyagwa ghafla kila wiki hujulikana kwa vifaa hivyo kabla mtu hajafia pale. Orodha ya mahali hapo wapewe Office des Routes, ofisi ya serikali ya barabara, na machifu wa vijiji, na malori ya kukodi yafungwe vifaa vilevile kwa sharti la mkataba, kabla hayajapakiwa gogo la kwanza.