Mgonjwa wa Saratani Si wa Daktari Peke Yake

Mkulima wa Mgeta au Kinole anayegunduliwa kuwa na saratani huteremka Milima ya Uluguru hadi Morogoro mjini, na akihitaji mionzi hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imeifupisha safari hiyo, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mionzi aghalabu hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa, na muda wote huo mgonjwa yu mbali na shamba na ukoo wake.

Hapo ndipo inapodhihirika kwamba daktari peke yake hatoshi. Mama aliyekatwa titi na kuondolewa tezi za kwapani huweza kuvimba mkono. Kumwambia ajihadhari na mizigo mizito ni rahisi. Ila huyu ni mtu wa milimani, ambaye ndizi zake hufika sokoni kwa kubebwa kichwani. Mtaalamu wa viungo hana budi kumfundisha mazoezi kabla hajatoka wodini, na ofisa ustawi wa jamii hana budi kuwauliza jamaa zake nani atabeba badala yake. Tena kwa Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, kumwita mume na kumsahau mjomba ni kuliacha nusu ya shauri nje ya mlango.

Kadhalika maumivu. Ajuaye kwamba mgonjwa hakulala usiku kucha ni muuguzi. Asipopewa nafasi ya kusema asubuhi, daktari huandika kipimo kile kile cha mofini, na mfamasia hutoa kile kile.

Cicely Saunders, aliyefungua hospitali ya St Christopher's mjini London mwaka 1967 kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii, alikuwa amesomea uuguzi, ustawi wa jamii na udaktari. Watu wa aina yake ni adimu. Lakini wenye elimu hizo moja moja wapo katika hospitali zetu. Kinachotakiwa ni waketi meza moja, japo mara moja kwa juma, juu ya faili moja. Kikao hicho hakihitaji fedha za kigeni. Kinahitaji mganga mkuu akipangie saa, naye ahudhurie.

Na barua ya kumruhusu mgonjwa isitaje ugonjwa na vidonge tu. Itaje mazoezi, dawa ya maumivu, na jamaa aliyekubali kumtunza. Nayo ifike kwenye zahanati ya kijiji kabla ya mgonjwa mwenyewe.