Mgeni Asiye na Barua



Mwaka jana, wakati wa kungoja matokeo ya darasa la saba, mama mmoja wa kigango cha mbali alifika ofisini na simu ya mwanawe mkononi. Alikuwa ameuliza Google matokeo ya binti yake. Ukurasa wa kwanza alioufungua ulimtaka atume namba ya simu na shilingi elfu tatu, ndipo afunguliwe. Shilingi alikwisha kuzituma. Matokeo hakuyaona. Akaniuliza: "Mwalimu, ikiwa ukurasa huu ni wa uongo, nani aliyeuweka mbele?"

Jibu nililompa nataka niwape na ninyi, kwa maana matokeo yatakuja tena.

Kwanza yafaa tujue kwamba hakuna mtu aketiye mezani huko Google akizisoma kurasa zote za dunia. Kazi hiyo hufanywa na programu. Hizo hupita mtandaoni usiku na mchana, kutoka ukurasa hadi ukurasa, kwa kufuata viungo, yaani yale maneno ambayo ukiyabonyeza unapelekwa ukurasa mwingine. Mengi zinayoyakuta huyaandika katika daftari kubwa. Ukiuliza, unatafutiwa katika daftari hilo.

Hapo mwanzo mitambo ya kutafutia ilitegemea mno kuhesabu maneno. Ukurasa uliolitaja sana neno uliloliuliza ndio uliotangulia. Hiyo ni sawa na kumwamini mtu kwa sababu anajisifu sana. Mwaka 1996 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walianza kutafuta njia nyingine, na mwaka 1998 wakaanzisha Google. Wao walisema: tusisikilize tu ukurasa unavyojieleza wenyewe, bali tutazame ni kurasa zipi nyingine zinazouelekezea. Kila kiungo ni ushuhuda. Tena ushuhuda wote hauna uzito mmoja.

Jambo hilo mimi naliona kila juma. Mpanda yetu ni mji wa wageni. Wengine huja kwa garimoshi kutoka Tabora na Kaliua, wengine hufuata dhahabu, wengine hutafuta mashamba na malisho. Mgeni akija kumwombea mtoto ubatizo, namwuliza: una barua ya Jumuiya? Una barua ya paroko wa kule utokako? Barua ya paroko anayejulikana ina uzito. Lakini mwenyekiti anayemwandikia barua kila apitaye njiani, barua yake huwa nyepesi mkononi mwangu. Page na Brin walipiga hesabu hivyo hivyo. Uzito wa ukurasa hugawanywa kwa viungo vyote unavyovitoa. Ukitoa viwili, kila kimoja hupata nusu. Ukitoa mia, kila kimoja hupata sehemu moja ya mia.

Haya, na mgeni asiye na barua je? Hapo ndipo penye ugumu. Ukurasa uliozaliwa leo asubuhi hauna hata mmoja wa kuushuhudia. Ukihukumiwa kwa ushuhuda tu, hautaonekana. Na usipoonekana, nani ataushuhudia? (Vijana wetu wanaoambiwa walete uzoefu kabla hawajapewa kazi wanaujua sana mzunguko huu.) Mabwana wale waliweka dawa kidogo. Walimfikiria msomaji anayezurura, ambaye mara 85 katika 100 hufuata viungo, na mara 15 huchoka akarukia ukurasa wowote tu. Kwa ajili ya hizo 15, kila ukurasa hupata uzito fulani hata kama hauna shahidi. Lakini uzito huo ni mdogo mno.

Kwa hiyo mtambo hukisia, na jambo moja kubwa linaloweza kuusaidia ni nyumba ambamo ukurasa umezaliwa. Ukurasa wa matokeo wa Baraza la Mitihani, NECTA, ni mpya kama mwingine wowote siku unapotolewa. Lakini nyumba yake, necta.go.tz, imeelekezewa na wengi kwa miaka, na mlango wa nyumba hiyo wenyewe ndio unaouonyesha ukurasa mpya. Ni kama mtoto wa katekista aliyehamia parokia nyingine: yeye bado hatumjui, ila kwao tunakujua. Google haitangazi hesabu zake zote, na siku hizi hutazama alama nyingine nyingi, kwa kuwa watu walianza kununua mashahidi. Mwaka 2012 ilileta marekebisho yaliyoitwa Penguin, ili kuvipunguzia nguvu viungo vya hila.

Sasa turudi kwa mama yetu. Yeye aliuliza siku chache kabla NECTA haijatangaza. Saa ile ukurasa wa kweli haukuwapo duniani. Zilizokuwapo ni kurasa za wajanja, walioandika kichwa "Matokeo ya Darasa la Saba" majuma mengi mapema wakakiacha kinangoja. Mtambo hauwezi kumweka mbele ambaye hajazaliwa. Hupanga wale waliopo mlangoni. Tena nyingi za kurasa hizo hazina matokeo yoyote. Siku ikifika huweka kiungo cha NECTA, basi, na kwa kufanya hivyo huishuhudia NECTA bila kukusudia.

Kabla hujafungua, soma jina la nyumba. Neno "necta" mtu yeyote aweza kulichomeka katika jina lake, lakini jina liishalo na go.tz ni la ofisi ya serikali. Na kuyatazama matokeo katika tovuti ya NECTA ni bure. Unalipia bando lako tu.

Mama alirudi matokeo yalipokwisha tangazwa. Necta.go.tz ilichelewa sana kufunguka, kwani nchi nzima ilikuwa ikibisha hodi. Tukachagua mkoa, halmashauri, shule, tukashuka taratibu mpaka namba ya binti. Wastani wa B. Akaniomba nimwandikie kwenye karatasi amwonyeshe baba yake, maana simu ilikuwa imezimika. Elfu tatu yake haijarudi.