Jicho la kamera halioni kamyo



Kampani ikitaka filimu ya usalama, mara nyingi hukodi mtu mmoja anayejitegemea. Bei yake ni ndogo, na watu hawaoni haya kusema mbele yake. Ni vizuri. Lakini angalieni: mtu huyo peke yake anashika kamera, anasikiliza sauti, anatafuta mwanga. Jicho moja limefungwa, la pili limo katika kamera, masikio yamefunikwa. Nani anaangalia miguu yake?

Katika karieri, shofa wa kamyo kubwa ameketi juu sana. Mtu aliye karibu na magurudumu hamwoni. Na mpiga filimu hurudi kinyumenyume ili apate picha pana, kumbe nyuma yake ni ukingo. Tena, kipaza sauti kisicho na waya hutoa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yanaweza kulipusha fataki za umeme. Kisikaribie baruti bila ruhusa ya kapita wa kulipua.

Shauri langu ni hili: mkataba usitiwe sahihi kama haukuandikwa kwamba mfanyakazi wetu mmoja atatembea naye kila saa, bila kazi nyingine ila kumshika bega. Mshahara wa siku chache si kitu. Mimi msaidizi wa muganga najua bei ya mguu uliovunjika. Naye mgeni huyu ana watoto wanaomngojea jioni, sawa na wenu.