Kuuliza si Kuomba

Siku moja nilishuka Kibwezi, katika barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ili ninunue asali. Msomaji aliyepita njia ile anajua kwamba asali ya huko ina sifa yake. Nikachukua chupa, nikatoa fedha, nikageuka kurudi kwenye basi. Mara kijana mmoja akanikimbilia akaniambia, "Mzee, mama anakuuliza shilingi hamsini."

Nikamjibu, "Hizo hamsini zimefanya nini hata aniulize?" Kijana akabaki kanitumbulia macho. Kumbe nilikuwa nimepunguza bei bila ya kujua, na mama wa watu alikuwa akitaka haki yake! Nikamlipa na kumtaka radhi, nikapanda basi nikicheka. Lakini safari nzima neno lile halikunitoka akilini.

Si kijana huyo peke yake. Siku hizi twasikia: "Aliniuliza nimsaidie," au "Ameniuliza nimkopeshe." Nasi watu wa pwani hukimbilia kusema kuwa hiyo ni lugha ya bara. Hapana, tusimwonee Mkamba. Lugha yake inayapambanua mambo haya mawili kama yetu. Kuuliza swali, yeye husema kũkũlya. Kuomba, pamoja na kumwomba Mungu, husema kũvoya. Kosa hili hakulirithi kwa mamaye. Tena Kiswahili si kigeni kwake. Kilifika Ukambani pamoja na misafara, kabla ya reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896.

Basi limetoka wapi? Kwa maoni yangu, limetoka katika neno moja la Kiingereza, "ask". Neno hilo ni la kale sana. Katika Kiingereza cha zamani lilitamkwa "ascian", au "acsian", na asili yake ya mbali ina maana ya kutafuta na kutaka. Hata Chaucer, mshairi wao aliyefariki mwaka 1400, aliliandika kwa kutanguliza sauti ya "k" mbele ya "s", na mpaka leo wako wanaolitamka hivyo, kama watu wa Jamaika. Tangu zamani hizo neno hilo limebeba mizigo miwili: kuuliza habari na kuomba kitu. Mwingereza hapotei, kwa sababu ana vijineno anavyovitia nyuma yake, hiki cha kuonyesha kwamba aomba, na hiki cha kuonyesha kwamba aulizia.

Na wala si Waingereza peke yao. Kiarabu nacho kina "saala", chenye maana zote mbili. Ndiyo maana katika Sura ya Dhuha, aya ya kumi, Mtume (s.a.w.) alipokatazwa kumkaripia "sail", wafasiri wako waliosema ni mwenye kuomba, na wako waliomtia pia mwenye kuuliza jambo la dini. Yote mawili ni mafunzo mema.

Lakini tazama, ndugu msomaji, hekima ya wazee wetu. Neno hilo hilo la Kiarabu walilichukua, likatupa swali, suala, kusaili na usaili. Walichukua upande wa kuuliza tu. Upande wa kuomba hawakuugusa, kwa kuwa walikuwa na neno lao la kutosha. Hata wazee wa Mombasa na Lamu wasemao "nikuuze" kwa maana ya "nikuulize" hawalichanganyi na kuomba. Wazee walikopa neno na kuacha maana wasiyoihitaji. Sisi leo twafanya kinyume: twakopa maana ya Kiingereza na kuivika neno letu, kisha twaviacha huko huko vile vijineno vinavyoinyoosha.

Atakayesema jambo hili ni dogo na apime kwa methali zetu. Twasema, "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo." Twasema pia, "Mwomba chumvi huombea chunguche." Hebu badilisha maneno: "Asiyeomba hanalo ajifunzalo," na "Mwuliza chumvi huulizia chunguche." Methali zote mbili zimekufa! Ya kwanza yawa sifa ya omba-omba, na ya pili yawa habari za bei ya chumvi sokoni.

Tena kuna jambo la adabu. Anayeuliza anadai jibu tu, na kuuliza si ujinga. Anayeomba amejishusha, ampa mwenziwe nafasi ya kukubali au kukataa. Mtu akikwambia "nakuuliza unikopeshe", hujui kama wapaswa kumjibu au kumpa. Na mwenye haki yake, kama mama yule wa Kibwezi, haulizi wala haombi: anadai. Kiswahili kimempa neno hilo pia, wala si tusi. Deni ni lake, adai bila ya haya. Lau kijana angaliniambia, "Mama anakudai shilingi hamsini," ningalirudi mbio.

Sisemi kwamba lugha isikue. Kiswahili kimekua kwa kukopa, na kitaendelea kukopa. Lakini mkopaji mwenye akili hakopi kile alichonacho nyumbani. Walimu na watangazaji, ambao vijana huiga usemi wao, na wawe wa kwanza kulichunga jambo hili. Nasi wa pwani tuache kucheka, tusahihishe kwa upole. Kwani kijana yule wa Kibwezi hakukosa kwa ubishi. Alikosa kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Mimi mwenyewe nilimcheka nikapanda basi, nami nilikuwa na wajibu wa kumweleza.