Mkalimani wa kike yuko wapi?

Naishi Dumila ila ni Mha wa Kasulu. Mei 2015, wakimbizi Warundi walipofurika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikazuka na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba hadi Kigoma, sisi Waha tulifaa sana kama wakalimani, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Lakini kuna jambo moja husahaulika: mama aliyebakwa njiani hayasemi hayo mbele ya mkalimani kijana wa kiume, hata awe mpole vipi. Nilimwona mmoja akisokota pindo la kanga, anaitikia tu "ego, ego" (ndiyo, ndiyo). Alipokaa naye mkalimani mwanamke, maelezo yakajaza kurasa. Na posho ya mkalimani? Anayejitolea naye anakula. Vijana wa Dumila na Magole mnaotaka kwenda kujitolea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ulizieni nauli na malazi kabla hamjapanda basi.